Deni si Langu, Simu ni Yangu: Niliyojifunza kwa Wadai wa Mikopo ya Mtandaoni

Naandika kwa ajili ya mtu anayepigiwa simu kutwa kuhusu mkopo ambao hakuukopa, na ambaye hawezi kuzima simu kwa sababu simu ndiyo kazi yake. Anayesumbuliwa kwa deni la mwenzake huambiwa tu "wapuuze, watachoka". Hawachoki haraka hivyo, na wakati unawasubiri wachoke wanaharibu mambo ambayo kuyatengeneza huchukua muda mrefu.

Mimi niko huduma kwa wateja. Kampuni inayoniajiri inasafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo kwenda mikoani, na tangu ofisi ipunguze vyumba vya kupanga, wengi wetu tunafanyia kazi nyumbani. Meza yangu iko kwenye kona ya sebule, huku Kimara: kompyuta mpakato, daftari, simu ya laini mbili, na betri ya akiba kwa siku umeme ukikatika. Anayenipigia huwa simjui. Ni mama wa Mwanza anayeuliza kama marobota yake ya mitumba yameshashushwa stendi ya Nyegezi, au kijana wa Mbeya aliyepoteza risiti. Namba ngeni ndiyo riziki yangu. Kwa hiyo sikuweza kuzuia namba nisizozijua kama wengine wanavyoshauri, na kila simu nililazimika kuipokea kwa ukarimu kabla sijajua aliyepo upande wa pili ni mteja au mdai.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume mwenye sauti ya upole kabisa. Alitaja jina la mwanamke ambaye tuliwahi kupanga naye nyumba moja Tabata, mtu tuliyesaidiana maji, mkaa na kulea watoto. "Dada, wewe ndiye mdhamini wake. Hapokei simu. Mwambie alipe leo kabla ya saa sita mchana, la sivyo deni linahamia kwako." Nikamwambia sijawahi kumdhamini mtu yeyote popote. Akakata. Hazikupita dakika nyingi ikaingia namba nyingine, safari hii mwanamke, na upole ule haukuwepo tena. Alasiri zikaanza meseji: "Umeshirikiana na tapeli", "Picha yako itasambazwa", "Tunajua unapofanya kazi".

Nieleze kwanza jambo lenyewe linavyokwenda, maana nisingelielewa nisingejua pa kushika. Mtu anapakua programu ya mkopo kwenye simu. Programu inamwomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi, meseji, picha, hata mahali alipo. Mwenye shida ya hela hasomi, anabonyeza kukubali, na orodha nzima ya majina inanakiliwa kwao. Nyingine zinamtaka aandike mwenyewe namba za watu wa karibu. Google ilipiga marufuku programu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mteja kuanzia tarehe 31 Mei 2023, na hilo lilisaidia kiasi, lakini zipo zinazosambazwa kwa viungo vya WhatsApp na matangazo ya mitandaoni bila kupitia duka lolote. Ukishaiweka kwenye simu, hata ukiifuta kesho, majina waliyoyachukua yanabaki kwao.

Jirani yangu huyo wa zamani wa Tabata aliniambia yote baadaye, akilia. Alikopa shilingi 100,000 kwa ajili ya matibabu ya mtoto, zikaingia 68,000 tu, nyingine zikakatwa palepale kama gharama. Alitakiwa arudishe zote, na zaidi, baada ya siku saba. Zilipofika zile siku akakopa programu ya pili alipe ya kwanza. Kuhusu mimi, aliandika namba yangu penye "mtu wa karibu" kwa sababu, kwa maneno yake, mimi ni mtu ambaye simu yake haikosi kupokelewa.

Neno "mdhamini" walilitumia kama fimbo, na linaogopesha kweli. Kwetu mdhamini ni yule anayechukuliwa friji na makochi mkopaji akikimbia. Lakini mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe kubeba deni la mwenzake. Jina lako kuwepo kwenye simu ya mtu, au kuandikwa kwenye programu bila wewe kuulizwa, hakukufanyi mdhamini. Hili nililirudia moyoni mpaka likakaa, maana ukipigiwa na watu mbalimbali wakikuambia jambo lilelile kwa uhakika, unaanza kujiuliza kama kweli kuna karatasi uliwahi kusaini ukasahau.

Mambo ya nyumbani ndiyo yaliyoniuma zaidi. Mitaani kwetu mikopo ya kausha damu, ile yenye riba ya kuumiza, imevunja ndoa. Wapo wanawake waliokopa kwa siri, na mume akaja kujua siku watu wanabeba televisheni. Kwa hiyo baba watoto aliposikia kutoka chumbani "deni", "mdhamini", "lipa leo", alikuja akakaa mbele yangu akaniuliza taratibu, "Mama, kuna mkopo umechukua?" Hakunifokea, lakini niliona usoni kwamba tayari anahesabu vitu vya ndani. Nilimpa simu papo hapo asome meseji zote, nikamfungulia na miamala yangu ya miezi ya karibuni. Tulikaa hadi usiku. Nafikiri ile saa moja iliokoa mengi, kwa sababu baada ya siku chache walimpigia na yeye, wakamwambia mke wake anadaiwa na amekimbia. Aliwajibu kwamba mke wake yuko hapa sebuleni anafanya kazi. Kama asingejua lolote, simu ile ingemkuta peke yake kazini kwake, na sijui angerudi nyumbani na moyo gani.

Namba yake waliipata kwenye simu ya jirani, kama walivyoipata ya mama mkwe aliyeko Morogoro, ambaye alikaa nasi Tabata nilipojifungua. Mama ni mtu mzima, anaheshimu jina la familia kuliko kitu chochote. Walimwamkia vizuri, "Shikamoo mama", wakamwambia mkwe wake atapelekwa polisi leo kwa sababu ya deni, ila akituma elfu thelathini mambo yatatulia. Alituma. Hakutuambia, hakutaka kutuaibisha. Baada ya siku mbili wakampigia tena, wakamwambia ile elfu thelathini ilikuwa ya adhabu ya kuchelewa, deni lenyewe bado. Hapo ndipo alipompigia mwanawe.

Elfu thelathini ya mama haikurudi mpaka leo. Ilitufundisha kwamba malipo ya mtu wa pembeni hayapunguzi simu, yanaziongeza: ukishalipa mara moja wanakuandika kwamba huyu akibanwa hutoa. Na pesa ilikwenda kwenye namba ya mtu binafsi, jina lisilofanana na la kampuni yoyote. Huenda hata si wale wadai wenyewe, maana orodha hizi za majina zikishatoka huzunguka. Waambie wazazi na wakwe mapema, kabla hawajapigiwa. Sentensi moja inatosha: "Mtu yeyote akikupigia kuhusu deni langu, usitume kitu, nipigie mimi kwanza."

Kazini nako niliwahi. Siku ya pili yake, kabla ya zamu, nilimwandikia msimamizi wangu: napigiwa na watu wanaodai mkopo wa mtu mwingine, picha za meseji hizi hapa, wanaweza kupiga hata ofisini, naomba mjue. Niliona aibu kuandika, kama vile nakiri kosa. Lakini vipimo vya kazi yangu ni idadi ya simu nilizopokea na muda niliotumia kwa kila mteja, na zile simu za madeni zilikuwa zinaingia humohumo. Posho ya ufanisi ya mwezi ule niliikosa hata hivyo, ila yeye alijua sababu, na jina langu halikuwekwa kwenye orodha ya wazembe.

Na kweli walipiga ofisini. Walijuaje? WhatsApp yangu ilikuwa na picha nimevaa fulana ya kampuni, na chini yake maelezo ya kazi pamoja na namba ya ofisi, kama tulivyoelekezwa ili wateja watuamini. Msimamizi aliwajibu, "Leteni madai yenu kwa maandishi, yenye jina la kampuni na namba ya leseni." Hawakuleta, wala hawakupiga tena ile laini. Niliitoa fulana kwenye laini yangu binafsi siku hiyohiyo. Kama unafanyia kazi nyumbani na laini yako binafsi ndiyo hiyohiyo ya wateja, tenganisha. Mimi nilinunua laini mpya na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, cha kuiweka, jumla kama elfu arobaini, na ofisi ikakubali kuwahamishia wateja huko kidogo kidogo. Hasara ilikuwa wateja wa zamani waliokuwa wananipigia moja kwa moja. Wengine sikuwapata tena.

Kuhusu simu zenyewe, nilibadilisha namna ya kuzipokea. Mwanzoni kila iitapo nilikuwa nashtuka, mikono inatoka jasho, na mteja wa watu wa Dodoma anajibiwa kwa sauti kavu bila kosa lake. Nilikuwa najieleza sana: simdhamini, tuligombana, hatuonani siku hizi, muulizeni kaka yake. Kila neno ulisemalo wanalitumia. Ukisema "kaka yake" umewapa mtu mwingine wa kumpigia. Nikaandika maswali kwenye karatasi, nikaibandika juu ya kompyuta, nikawa nayasoma kama yalivyo: Jina lako nani? Unapiga kutoka kampuni gani? Namba ya leseni yenu ya Benki Kuu ni ipi? Ofisi yenu iko mtaa gani? Namba yangu mmeipata wapi, na mimi nilikubali lini? Halafu kimya. Wengi walikata kwenye swali la tatu. Waliobaki walitukana, nami nikaandika tusi lenyewe, saa na namba, nikakata.

Daftari hilo ndilo lililonisaidia kuliko kitu kingine chochote. Tarehe, saa, namba, maneno waliyoyasema kama walivyoyasema. Meseji nilizipiga picha zikiwa na namba juu na tarehe ikionekana. Namba zao sikuzifungia. Ukizifungia wanakuja na nyingine, na ushahidi unaupoteza. Nilizihifadhi kwa majina, Deni 1, Deni 2 na kuendelea, nikaziwekea mlio usio na sauti. Simu ikawa inaita bila mimi kusikia, na rekodi ya kwamba walipiga usiku wa manane inabaki palepale. Kwa mtu ambaye hawezi kuzuia namba ngeni, hii ndiyo njia iliyofanya kazi: namba inakusumbua mara moja tu, ya pili inaita peke yake.

Kila namba iliyonisumbua niliitumia ujumbe mmoja, uleule, na sikujibu kingine baada yake. Naunakili hapa, uutumie utakavyo:

"Mimi si mkopaji wala mdhamini wa mkopo mnaoudai. Sikukubali taarifa zangu zichukuliwe wala zitumike. Acheni kunipigia na kuniandikia, na futeni namba yangu kwenye kumbukumbu zenu. Nitajieni jina la kampuni, namba ya leseni ya Benki Kuu na anwani ya ofisi. Mawasiliano yote nayahifadhi kwa ajili ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na polisi."

Usiongeze matusi, hata kama wamekutukana mama yako. Ujumbe huo utasomwa na mtu mwingine siku moja, na ni vizuri uonekane ni wa mtu aliyetulia.

Kisha wakafungua kundi la WhatsApp. Waliweka picha ya jirani yangu, picha ya kitambulisho chake cha taifa cha NIDA, na maandishi mekundu ya TAPELI, wakatuingiza watu wote waliokuwa kwenye simu yake: ndugu, mwalimu wa mtoto, fundi cherehani, watu wa kikoba. Kilichoniumiza ni kwamba watu walianza kumshambulia yeye. Shemeji yake aliandika maneno ambayo hayafutiki. Hicho ndicho kinachotafutwa. Mdai hana nguvu ya kukufuata nyumbani kwa deni la elfu mia, ila anaweza kukugombanisha na watu wako bure, kwa bando la siku moja. Nilipiga picha orodha ya waliomo na namba za waliolianzisha, nikaripoti kundi kwa WhatsApp, nikatoka. Sikusambaza ile picha hata kwa dada yangu. Baadaye niliingia kwenye mipangilio ya faragha nikaweka kwamba watu niliowahifadhi tu ndio wanaoweza kuniingiza kwenye makundi. Fanya hivyo leo hata kama hakuna anayekudai.

Usiku nikiwa nimemaliza zamu nilianza kutafuta wao ni nani. Kwa Tanzania, anayekopesha kwa programu anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na majina ya wenye leseni yapo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali unaogusa uwazi wa riba na tozo, namna ya kudai madeni na faragha ya mteja. Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Programu iliyokuwa inanisumbua haikuwemo kwenye orodha ya wenye leseni. Hapo nikaelewa kwa nini swali la leseni linawafanya wakate simu.

Kuna jambo la haki kusema hapa. Ile laini mpya niliyonunua ilikuwa na mwenyewe zamani, namba zilizolala hurudishwa sokoni, na mwenyewe huyo alikuwa na deni benki. Siku moja akanipigia ofisa akimuuliza yeye. Nilimsomea maswali yangu yaleyale. Alinitajia jina lake, benki yake na tawi, akaniomba niandike barua pepe fupi kwamba laini sasa ni yangu, akaomba radhi kwa usumbufu. Hawakunipigia tena. Anayedai kwa njia halali haogopi kujitambulisha na hana sababu ya kukutukana. Kwa hiyo usimfokee kila anayetaja neno deni, uliza kwanza.

Tuje kwenye sheria, kwa ufupi, kwa yale niliyoyatumia mwenyewe. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasema taarifa zako zichukuliwe kwa njia halali na zitumike kwa kusudi unalolijua, inakupa haki ya kuzuia zisitumike kwa namna inayokudhuru, na haki ya kudai fidia ukidhurika. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024, ndiyo inayopokea malalamiko. Na kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinafanya kuwa kosa kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Wasomaji wa Kenya, kwenu ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Ofisi ya Kamishna wake, na kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji.

Kituoni nilikwenda na picha za meseji zilizochapishwa, zimepangwa kwa tarehe, pamoja na nakala ya kurasa za daftari. Nilichapisha stationery ya mtaani, na gharama ya kuchapisha ilizidi nilivyotarajia kwa sababu meseji zilikuwa nyingi. Nilimwambia askari jambo zima kwa sentensi tatu, nikampa karatasi. Nilipata namba ya RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi. Malalamiko kwa Tume niliyaandika kwa Kiswahili cha kawaida: mimi ni nani, nini kimetokea tangu lini, namba zilizonipigia, naomba nini, na vielelezo nyuma. Meseji za ulaghai, zile za "tuma pesa kwenye namba hii", nilizituma 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu. Kwa wakopeshaji wenye leseni Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja, ila unatakiwa uanze kwa kumlalamikia mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi, na utunze nakala.

Nilipoongeza namba ya RB kwenye ule ujumbe wangu, simu zilipungua kwa namna ambayo hata watoto waliiona. Hazikuisha siku moja. Zilikuja kwa mafungu, kimya halafu tena, mara nyingi mwisho wa mwezi watu wanapolipwa mishahara. Fidia sijapata na sikuanza jambo hili kwa kuitafuta. Nilichotaka ni kupokea simu ya mteja bila moyo kupiga, na hilo limerudi, ingawa lilichukua muda mrefu kuliko simu zenyewe. Kwa miezi kadhaa nilikuwa bado nashtuka kitochi kikilia. Nililiongelea hilo na mwenzangu mmoja wa kazini ambaye naye alipitia, na kuongea kulinisaidia kuliko kujikaza.

Kama deni ni lako, sheria hizi zinakulinda na matusi, hazikufutii deni. Omba taarifa kamili kwa maandishi: ulipokea kiasi gani, umelipa kiasi gani, kilichoongezeka ni nini. Lipa kwa njia ya kampuni na si kwa namba ya mtu, tunza kila risiti, na usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uiondolee programu ile ruhusa ya majina, picha na meseji kabla ya kuifuta. Na waambie watu wako mwenyewe kabla hawajaambiwa na wengine.

Jirani yangu nilimtafuta siku ya tatu. Hakuwa anapokea simu ya mtu, nikaenda Tabata. Nilikwenda na hasira, nikamkuta amefunga genge lake na amejifungia ndani na watoto. Hatukugombana. Tulikaa na kaka yake tukaandika madeni yote kwenye karatasi moja, programu kwa programu, alichopokea na alicholipa. Kaka yake alimsaidia kumaliza kilichobaki kidogo kidogo, kila risiti ikapigwa picha. Kisha alipiga simu kwa watu waliokuwa kwenye lile kundi, mmoja mmoja, akiwaomba radhi. Shemeji yake hajapokea mpaka sasa.

Mwezi uliopita alinipigia, anataka kujiunga na SACCOS ya wafanyabiashara wa soko, akauliza kama anaweza kuandika jina langu. Nilimwambia aje na fomu. Tuliisoma pale kwenye meza yangu ya kazi, kipengele cha mdhamini na kipengele cha mtu wa kuwasiliana naye, mstari kwa mstari. Nikasaini cha pili, na cha kwanza tukakikata kwa mstari, sote wawili tukiona.